Mwaka Nilioziua Breki za Mjomba

Mama Salima alikuwa bado hajaoshwa pale Bi Sharifa alipoingia uani akilia kama breki. Sisemi alilia kama mtu aliyefiwa. Alijifunga kanga kiunoni, akainama mbele kama aliyeshika usukani, akashuka mteremko wa kutoka mashine ya kusaga huku mguu wa kulia ukikanyaga hewa, na mdomoni ikamtoka sauti nyembamba, ndefu, iliyoanza juu na kuzidi kupanda, kwiiiiii, mpaka alipofika mbele ya turubai tulipokaa wanaume, akasimama na kupangusa jasho. Wazee wachache wakacheka huku wakifuta macho. Vijana wakatazamana. Mmoja aliyekaa jirani yangu akauliza, “Huyu bibi ana nini?” akajibiwa, “Mtani huyo, mwache,” na jibu likatosha. Ukoo wa Bi Sharifa na ukoo wa Mama Salima ni watani tangu mababu, na huku kwetu mtani akija msibani haombi ruhusa: atamwigiza marehemu, atawacheka wafiwa, ataficha jembe la kuchimbia kaburi, atazuia jeneza, na hakuna wa kumnunia. Mimi sikucheka wala sikununa. Nilibaki na kikombe cha chai mkononi mpaka chai ikapoa, kwa sababu sauti ile niliiua mimi kwa mikono yangu, zaidi ya miaka arobaini iliyopita, na sikutegemea kuisikia tena hapa duniani. Nilimtazama Bi Sharifa nijue kama ananisuta au ananisalimia. Akanikonyeza, akaenda zake jikoni. Hilo nalo sikulielewa.

Baadaye Salima, binti wa marehemu, ambaye sasa naye ni bibi, alinishika mkono akanipeleka ghalani. “Kaka Athumani,” akasema, “chuma chako bado kipo.” Nikamwambia si changu, ni cha marehemu baba yake, Mjomba Issa. “Mama alisema ni chako. Kila akifagia humu alikuwa anasema, chuma cha Athumani hicho, msikiuze.” Pikipiki ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma ya majembe, kiti kimeliwa na panya, tangi ambalo zamani lilikuwa jekundu sasa lina rangi ya udongo wa hapa Nandagala. Nilichuchumaa, magoti yakapiga kelele kuliko chuma, nikakandamiza pedeli ya breki ya nyuma kwa kiganja. Ilishuka, ikarudi. Kimya. Nilikaa pale muda mrefu kuliko ilivyofaa kwa mtu aliyekuja kuzika, nikijaribu kuupanga mwaka ule upya kichwani, kama ninavyojaribu mara nyingi nikiwa peke yangu kwangu Nachingwea, na kama kawaida haukupangika.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Nachingwea na matokeo yangu yalikuwa ya kunyamaziwa. Mjomba Issa alikuja kunichukua kwa pikipiki hiyohiyo. Kwetu sisi mjomba akisema njoo, baba mwenyewe anakufungia mzigo. Nikakaa nyuma nikiwa nimepakata godoro, na safari nzima kuelekea Ruangwa, kila tulipokutana na mbuzi au mteremko, breki zililia, nami nikajiona naingia katika maisha mapya kwa kupigiwa yowe. Nilipewa chumba kilichopakana na jiko, chumba cha kuhifadhia ufuta. Nililala kati ya magunia, na harufu yake iliniingia mpaka kwenye shati. Hata leo nikipita mahali wanapopepeta ufuta, moyo unanishtuka kama nimeitwa. Ukuta wa udongo kati yangu na jiko ulikuwa na ufa juu, karibu na dari, na kupitia ufa ule nilisikia kila kitu: kinu, vikombe, maji yanayochemka, na maneno ya wanawake ambao hawakujua kwamba ukuta una mwanya, au walijua na hawakujali.

Pikipiki ilikuwa kuukuu tayari wakati huo. Mjomba aliinunua kwa bwana shamba mmoja aliyehamishwa, na watoto wa Nandagala waliipa jina la Kilio. Iliposhuka mteremko wa mashine, walikimbia kandokando yake wakiigiza, kwiii, kwiii, naye akipunga mkono kama kiongozi, lakini moyoni aliumia. Kilichomchosha kabisa ni siku ya msiba wa mzee mmoja wa Nambilanje. Alichelewa, akateremka kwa kasi kuwahi sala ya jeneza, na breki zikalia mbele ya safu za watu waliokwisha kusimama na kutoa takbiri. Hakuna aliyegeuka, lakini mabega ya safu nzima ya nyuma yalitikisika kwa kicheko. Jioni yake aliniita barazani. “Mpwa wangu, umesoma fizikia?” Nikasema nimesoma. “Basi nyamazisha hiki chuma. Ukikinyamazisha, dereva utakuwa wewe. Mimi nitakaa nyuma kama mheshimiwa, unipeleke Nachingwea, unipeleke Kiegei, unipeleke popote.” Sikumwambia kwamba fizikia ndiyo niliyoifanya vibaya kuliko masomo yote. Nilisema, “Ndiyo, mjomba,” na usiku ule niliota nimekalia kiti cha mbele.

Huko Kiegei Mjomba alikuwa na mke wa pili, mdogo, ambaye sikuwahi kumjua vizuri. Mjomba alikuwa akikaa huko siku kadhaa, kisha anarudi kwa Mama Salima, na kurudi kwake kulijulikana kabla hajafika, kwa sababu nyumba ilikuwa chini ya mteremko na breki zilianza kulia tangu juu mashineni. Mama Salima alikuwa akisikia, anaacha alichokuwa anafanya, anasogea pembeni ya njia au anaingia ndani, na Mjomba alipozima injini alimkuta amekaa palepale kwenye kigoda chake, mtungi upande huu, sahani upande ule, anamtazama. Sasa niseme wazi jambo ambalo wakati ule sikulijua, ili anayesoma asipotee kama nilivyopotea mimi. Macho ya Mama Salima yalikuwa yanakufa. Yalikuwa yameanza kufifia tangu mwaka uliotangulia, na alikuwa amelificha hilo kwa kila mtu isipokuwa mtani wake Bi Sharifa. Dada yake mkubwa alipofuka akiwa bado mke wa mtu, na mume alimrudisha kwa kaka zake Nambilanje, akakaa huko kwenye kona ya nyumba akichambua mbaazi za watu mpaka alipokufa. Mama Salima hakuogopa giza. Aliogopa kona ile. Kilio cha breki kilimpa muda wa kupanga vitu, kujipanga mwenyewe, na kuelekeza uso mahali mume atakapotokea.

Siku ya pili baada ya kupewa kazi nilikuwa nimeshaondoa gurudumu la nyuma, maana breki ya mbele ilikuwa imekufa zamani, nimelilaza kwenye jamvi. Mama Salima alikuja akasimama juu yangu, mikono ina mafuta ya nazi kwa kuwa alikuwa akimsuka Salima. Akauliza, “Unafanya nini, mwanangu?” Nilishangaa, maana kila kitu kilikuwa kimetandazwa mbele yake: nati, springi, fimbo ya breki, na vile vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga vinavyotanuka na kuibana dramu kwa ndani. Nikamwambia naponya kelele. Akasema, “Kelele zile zina ubaya gani? Ziache.” Nikamwambia Mjomba ameagiza. “Najua ameagiza. Na mimi nakuomba.” Akarudi kwa mtoto. Nilimtazama akienda, nikacheka kimoyomoyo, nikaona nimemwelewa: mke mkubwa anataka kujua saa mume anayotoka Kiegei, amhesabie. Wivu. Nilikuwa na miaka ishirini na nilidhani wanawake wana jambo moja tu.

Dalili zilikuwepo, nami nilizila pamoja na ugali. Nakumbuka chakula cha nyumba ile kuliko sura za watu: kisamvu kilichoungwa kwa ufuta uliosagwa, ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa na kuwekwa juu ya jani la mgomba, samaki mkavu aliyechomwa mpaka akauma meno. Chumvi ilianza kuja mara mbili siku nyingine, na siku nyingine haikuja kabisa, na Mjomba alisema kwa mzaha, “Leo bahari imehamia kwetu.” Mama Salima alichambua mchele kwa vidole huku uso ameuelekeza kwingine, nami nikaona ni umahiri. Alinipa sindano nimtungie uzi. Asubuhi nikimsalimu kwa kutikisa kichwa hakuitikia, alisubiri nitamke. Yote niliyaona, na kila moja nililipatia maelezo yake, na kila maelezo yalikuwa ya kijinga.

Na breki hazikusikia. Nilitoa vumbi lote, jeusi, laini kama wanja. Nilisugua vile vipande kwa msasa mpaka vikapoteza ule mng'ao wa kioo. Vikanyamaza siku mbili, vikarudi kulia. Nilipeleka swali Nachingwea kwa fundi niliyekuwa namfahamu tangu shule, akasema kata ncha zake kwa tupa, nikakata, zikalia kwa sauti nyingine, ya chini, kama mbuzi dume. Fundi wa baiskeli wa Nandagala akasema tupa ndiyo iliyoharibu. Mwalimu mmoja akasema kaza ile nati ya nyuma, dereva wa lori la mazao akasema ilegeze. Mzee wa mashine alinihakikishia kwamba pikipiki iliyowahi kubeba maiti hulia hivyo mpaka isomewe. Nikapaka grisi kidogo kwenye kile kidole cha chuma kinachovitanua vile vipande, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa sahihi, lakini kwa kuwa nilifanya mambo mengine manne siku hiyohiyo, sikujua ni lipi lililosaidia na ni lipi lililoharibu. Dawa halisi ilikuwa kununua vipya, na vipya havikuwepo, si Ruangwa, si Nachingwea. Hiyo ilikuwa miaka ambayo hata sabuni ilikuwa habari. Bi Sharifa alipita kila alasiri kunikagua. “Fundi, mgonjwa kaamkaje?” anauliza. “Anaendelea,” najibu. “Kuendelea kufa au kuendelea kupona? Maana naona viungo vyake viko nje.”

Jioni moja nikiwa juu ya gunia, nilimsikia yeye na Mama Salima kupitia ule ufa. Walichanganya Kimwera na Kiswahili kama wanawake wa huko wanavyofanya wakiwa peke yao. Mama Salima alisema, “Akija kimya, nitafanyaje? Atanikuta nilivyo.” Bi Sharifa akajibu, “Mwambie tu mumeo.” “Nimwambie ili anifungie mzigo?” “Basi mwambie kijana.” Maji yakamiminwa, kisha Mama Salima akasema, “Kijana ni mpwa wake. Damu ni yao.” Nililala chali nikitazama dari. Atanikuta nilivyo. Nilivyo vipi? Wivu wangu wa kubuni ukabadilika, ukawa kitu kibaya zaidi: nikadhani kuna mwanamume anayekuja pale Mjomba akiwa Kiegei. Naandika hili na aibu inanipanda mpaka masikioni. Mwanamke aliyekuwa ananipakulia mimi kwanza kabla ya watoto wake nilimfikiria hivyo, na badala ya kumuuliza neno moja asubuhi, niliamua kumaliza kazi haraka.

Wakati huo korosho zilikuwa zimeanza kuanguka. Kila mtu wa kwetu anajua mafuta ya ganda la korosho: unakaanga korosho kwenye debe bovu, yanatoka meusi, yanababua ngozi, na wabanguaji hujipaka majivu mikononi ndipo waguse. Wazee huyapaka kwenye nguzo ili mchwa wasizile. Mlango wa ghala la Mjomba ulikuwa ukilia kwenye bawaba, akaupaka mafuta hayo, nao haukulia tena. Yaligandia pale yakawa kama lami iliyokauka. Niliutazama mlango ule siku nzima. Kama yananyamazisha bawaba, kwa nini yasinyamazishe breki? Na kwa kuwa yanakauka, hayatateleza kama oili. Hiyo ndiyo ilikuwa fizikia yangu. Nikapaka vile vipande kwa unyoya wa kuku, safu nyembamba, nikaviweka karibu na moto mpaka vikakauka na kung'aa, nikavirudisha, nikababuka vidole viwili ambavyo alama yake bado ninayo. Nikaisukuma pikipiki kwa mkono kwenye barabara ya tambarare kuelekea shuleni, nikikimbia nayo na kukanyaga breki, mara kadhaa. Ilisimama. Ilisimama bila sauti yoyote. Watoto waliokuja kukimbia nayo walibaki wamesimama midomo wazi, mmoja akaniuliza, “Kaka, imekufa?”

Mjomba alifurahi kama mtu aliyetoa mtoto jandoni. Alinishika bega mbele ya watu wa barazani. “Elimu hii,” akasema, “mnaiona?” Aliahidi kwamba akirudi safari ya Kiegei ataanza kunifundisha njia ya mlimani. Mama Salima alileta chai, akamimina, na chai ikapita ukingoni mwa kikombe changu ikaingia kwenye sahani, ikaendelea. Nikasema, “Imejaa, mama.” Akasema, “Ah, nimechoka.” Mjomba alikuwa anacheka na wenzake, hakuona. Mimi niliona, na nikadhani amekasirika.

Mjomba alirudi kutoka Kiegei siku ya jua kali, kabla ya adhuhuri. Mimi nilikuwa kwenye paa la banda nikibadilisha makuti, kwa hiyo nililiona jambo lote kutoka juu. Mama Salima alikuwa ametandika majamvi chini ya mteremko, mahali ambapo ardhi ni ngumu na ya moto, anageuza korosho kwa miguu, akiimba kidogo. Ndivyo alivyofanya kila mwaka. Breki zikilia juu, yeye husogea kando ya mnazi, na Mjomba hupita. Nikamwona Mjomba akitokea mashineni. Alikanyaga breki, nikaona mguu wake ukishuka, na mwanzo kasi ikapungua. Njia ile ni ndefu. Katikati ya mteremko, yale mafuta yangu yaliyokauka yalipata moto, yakalainika, na breki zikaachia. Hakuna sauti iliyotoka, hata ndogo. Niliita, “Mama!” naye akainua uso kuelekea kwangu juu ya paa, akatabasamu kwa sababu aliitambua sauti yangu, huku pikipiki iko mbele yake kabisa, mchana kweupe, na yeye haioni. Mjomba alipinda usukani akaanguka kwenye majamvi, na gurudumu la nyuma likamzoa Mama Salima mguu.

Mguu ulivunjika chini ya goti. Tulimbeba kwa kitanda mpaka barabarani, likapatikana lori, tukampeleka Nachingwea hospitali, mimi nikiwa nimekaa kichwani kwake namkinga jua kwa kanga. Njiani alinishika mkono, akaupapasa, akafika kwenye vidole vilivyobabuka. “Korosho hii,” akasema. Nikasema ndiyo. “Ulipaka huko ndani?” Nikasema ndiyo. Sikusubiri. Usiku uleule kwenye veranda ya hospitali nilimwambia Mjomba kila kitu: mafuta, unyoya, moto, na kwamba nilijaribu tambarare tu. Nilitegemea kofi. Alinitazama kama ninayesema lugha ya mbali. “Mafuta hayakumgonga,” akasema. “Nimemgonga mimi.”

Siku chache baadaye wakaja kaka zake Mama Salima kutoka Nambilanje kusikia shauri, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa moja kwa moja. Nimewahi kuona watu wakikana kosa. Sijawahi, kabla wala baada, kuona watu wakiligombania. Nilisimama nikasema kosa ni langu, nimeharibu breki. Mjomba akaniambia nikae, kosa ni lake, alipuuza ishara zote za mke wake, alikula chumvi mara mbili akafanya mzaha. Na kutoka chumbani, ambako alikuwa amelazwa baada ya kurudishwa, mguu una plasta, sauti ya Mama Salima ikasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyeficha macho. Akalitamka hivyo, mbele ya kaka zake, jambo alilolikimbia mwaka mzima: “Sioni. Nilikuwa nawasikiliza tu.” Kaka yake mkubwa akainamisha kichwa. Nilijua anafikiria ile kona ya nyumba yake. Akasema taratibu, “Shemeji, kama ni mzigo, sisi tupo.” Nikamtazama Mjomba. Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa kimening'inia, na mimi ndiye niliyekata kamba. Bi Sharifa, ambaye hakualikwa, akachungulia mlangoni: “Mnagombania kosa kama nyama ya akika. Nigawieni na mimi kipande, maana nilijua nikanyamaza.” Watu wakacheka bila kutaka. Mjomba akacheka pia, kisha cheko likageuka, akajifunika uso kwa kanzu. “Haendi popote,” akasema ndani ya kitambaa. “Ataniona akinisikia.”

Kungekuwa na haki ya mambo, ningeishia hapo nikasema mabaya yalizaa mema, nikapumzika. Siwezi. Mama Salima aliporudishwa hospitali kutolewa plasta, waliyatazama na macho, wakasema ni mtoto wa jicho, wakaandika aende kwa mtaalamu. Ilichukua muda mrefu, lakini jicho moja lilifunguliwa, likaona mpaka juzi. Mguu haukunyooka, alitembea na fimbo maisha yake yote, na shambani hakurudi. Mke wa Kiegei, ambaye hakumkosea mtu, aliachwa polepole, bila talaka, bila neno, kwa sababu Mjomba hakuipanda tena pikipiki na njia ya miguu ilikuwa ndefu. Nilisikia alilea mtoto wake peke yake. Sikumtafuta kumwambia lolote, ningemwambia nini? Mimi nilifunga godoro langu, nikarudi Nachingwea, nikawa karani wa ghala, kisha dalali wa ufuta, na sikujifunza kuendesha kitu chochote chenye injini. Kila nilipokwenda kumsalimia, Mama Salima alinitania: “Ulinivunja mguu ukanipa jicho. Nikuombee dua ipi?” Nikamwambia yoyote, mama. “Nitaziomba zote mbili, Mungu achague.” Nilicheka kila mara, na kila mara nilitembea kuelekea stendi nikijiuliza kama ule ulikuwa msamaha au deni ambalo hesabu yake ilimshinda hata yeye. Ninachokijua kwa hakika ni kidogo. Aliniomba, na sikumuuliza kwa nini. Maneno matatu tu, kwa nini, mama, yangetosha kuzuia yote, mabaya na mema, na sijui kama ningeyazuia.

Nilikuwa bado nimechuchumaa ghalani pale waliposema jeneza linatoka. Niliinuka nikajiunga na wanaume. Tulipofika kwenye upenyo wa ua unaotokea njiani, waliotangulia wakasimama ghafla. Bi Sharifa alikuwa amekaa chini katikati ya njia, miguu ameinyoosha, fimbo ya marehemu ameilaza mapajani. “Hapiti mtu,” akasema. Watu walitabasamu, ni desturi. Mmoja akamtupia noti, naye akaipeperusha kwa fimbo. Salima, aliyesimama nyuma na wanawake, akamwahidi jogoo. “Jogoo wako mzee kuliko mimi. Sitaki kitu. Huyu mtani wangu mnamfahamu? Hajui kupisha njia wala kupita mpaka asikie breki. Mmemleta kimya mnataka kumgonga tena?” Imamu akatazama jua. Vijana hawakujua anasema nini, na wazee waliojua walitazama chini, kisha, mmojammoja, wakanitazama mimi. Bi Sharifa hakunikonyeza safari hii. “Fundi,” akasema, “uliitoa wewe. Irudishe.”

Mimi ni mzee, meno ya mbele sina, na nilikuwa nimevaa kanzu safi mbele ya watu wanaoniita mzee wa busara. Nilifungua mdomo, ukatoka upepo tu. Mtu akakohoa. Nikajaribu tena, nikafunga macho, nikajiona juu mashineni, nimekaa kiti cha mbele kwa mara ya kwanza, mteremko wote uko mbele yangu na yeye yuko chini anageuza korosho. Nikalia. Ilitoka mbovu, imekatikakatika, lakini ilianza juu na ikapanda, na niliishikilia mpaka pumzi ikaisha, na nilipofumbua macho Bi Sharifa alikuwa ameshainuka. Aliikusanya kanga kifuani, akaelekeza uso juu ya mteremko, akasogea pembeni ya njia hatua mbili tatu, taratibu, bila kuangalia chini, sawasawa na vile Mama Salima alivyokuwa akifanya. “Amesikia,” akasema. “Pitisheni.”